Ni nini inavunja moyo wa mfanyakazi wa REGIDESO na wa SNEL?

Mjini Uvira, watafiti walichukua hesabu mbili na kuziweka bega kwa bega. Ya kwanza ilitoka kwenye kituo cha REGIDESO kinachosafisha maji ya mto Mulongwe: siku gani maji yalienda mjini, na siku gani hayakwenda. Ya pili ilitoka kwenye kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera: kila siku waliingia wagonjwa wangapi. Hesabu hizo zilianzia mwaka 2009 zikafika 2014. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya siku moja ambayo robine zilikauka kabisa, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka kwa wastani wa 155% katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihusishwa na kukatika kwa maji.

Mama wa Uvira anayeshuka ziwani na bidoni hakungojea watafiti ili ajue kwamba maji ya robine na maji ya Tanganyika si kitu kimoja. Lakini hesabu hiyo inaleta jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kati ya mto na robine, kati ya barrage na taa ya nyumbani, kuna watu. Umeme ukikatika usiku, kuna mtu kwenye kituo cha pompu anayeamua kama atahangaika kuwasha grupe ya mazuti ao atangojea asubuhi. Kuna fundi anayepigiwa simu saa moja jioni, mvua inanyesha, kable imeanguka kwenye avenyu, naye anaamua kama atavaa bote ao atazima simu. Hakuna shefu anayemuona saa hiyo. Hakuna sheria inayoweza kumsukuma kutoka kitandani. Kinachomtoa ni moyo wa kazi, na moyo huo una vitu vinavyoulisha na vitu vinavyouvunja.

Wakaaji wengi wana jibu tayari: "Maajenti wa Leta ni wavivu, wanapenda tu matabishi." Jibu hilo ni fupi mno. Mtu yule yule anayezima simu leo, mwaka juzi alilala barabarani akiunganisha tiyo. Ni mtu mmoja, na kazi ni ile ile. Ni nini ilibadilika?

Maswali matatu ya mfanyakazi

Mwaka 1990, mwalimu mmoja wa Marekani, William Kahn, aliandika juu ya jambo hili baada ya kuangalia watu wakiwa kazini katika mahali pawili ambapo hapafanani hata kidogo: kambi ya vijana ya wakati wa likizo, na biro ya wachoraji wa majumba. Aliona kwamba mtu yule yule anaweza kujitoa mzima asubuhi, na jioni akafanya kazi kwa mikono tu, roho iko kwingine. Kahn alisema ni kama vile mtu anajiuliza maswali matatu bila kujua kwamba anajiuliza. Kazi hii ina maana gani kwangu na kwa wengine? Nikijitoa, niko salama ao nitaumia? Na je, nimebaki na nguvu ya kujitoa?

Tukichukua maswali hayo na kuyaleta hapa kwetu, kwa watu wa maji na wa umeme, swali la tatu njo linatangulia. Mtu ambaye hajui watoto watakula nini usiku huu hana nafasi ya kufikiri juu ya mengine.

Mshahara

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya Oktoba 2002, haifichi: mfanyakazi anapaswa kulipwa kwa vipindi visivyopita mwezi mmoja. Lakini katika kampuni nyingi za serikali, mfanyakazi anahesabu mishahara anayodai kama vile mkulima anavyohesabu misimu. Wakubwa wanapenda kusema kwamba pesa si kila kitu. Ni kweli, lakini anayesema hivyo mara nyingi yeye amelipwa.

Pesa zinakwama wapi? REGIDESO ilizaliwa mwaka 1939, wakati wa Wabeljiji. SNEL ilizaliwa mwaka 1970, wakati barrage ya Inga ilikuwa inajengwa. Sheria za Julai 2008 zilibadilisha kampuni hizi mbili ziwe kampuni za biashara, lakini mwenye hisa alibaki serikali. Kwa maneno mengine, ziliambiwa zifanye biashara kama duka, lakini bei haziamui peke yake, na mnunuzi mkubwa kabisa ni baba mwenyewe wa nyumba. Kambi za askari, biro za serikali, hospitali, magereza na nyumba za wakubwa wa serikali vinatumia maji na umeme, kisha fakture inaenda Kinshasa ikangojee bajeti. Kwa REGIDESO, deni la serikali limekuwa wimbo wa kila mwaka. Mara kwa mara mahesabu yanafanywa, serikali inafuta hiki, kampuni inafuta kile, na deni linaanza kupanda tena.

Kwa ajenti wa Bukavu ao wa Kindu, hesabu hiyo haiko mbali. Anaona kila siku kwamba mahali ambapo maji yanamwagika bila kulipwa ni palepale penye bendera. Anatumwa kukata maji ya mjane anayedaiwa miezi miwili, huku akipita mbele ya biro isiyolipa tangu miaka. Mtu hawezi kufanya kazi hiyo muda mrefu bila kitu kuvunjika ndani yake. Kufanya kazi njaa ni jambo moja, na kufanya kazi njaa huku unaona kwamba sheria inawapiga wadogo tu ni jambo lingine.

Katika jimbo za mashariki, vita viliongeza uzito wake. Benki zilifunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Mshahara unaopita benki ulipoteza njia. Kwa mfanyakazi ambaye tayari alikuwa nyuma ya miezi kadhaa, hata ile iliyotumwa ikawa ya kutafutwa.

Mwenye kulipa njo mwenye kuamrisha

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu wa kartie wanaliishi bila kulipa jina. Mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu, minne, haachi kazi. Anaogopa kwamba akiacha, atapoteza miezi anayodai na hesabu yake ya mwisho ya miaka yote aliyotumika. Tena, kazi inampa vitu vingine ambavyo bado vina bei: kofia, ngazi, funguo ya kabine, na jina la kampuni mgongoni. Kwa hiyo anabaki, ila anabadilisha shefu. Zamani shefu wake alikuwa kampuni. Sasa ni yule mwenye nyumba anayesema: "Njoo leo, nitakupa ya transport."

Kuanzia siku hiyo, mambo yote yanageuka. Pane haitengenezwi kwa kufuata nani alitangulia kuomba ao wapi kuna shule na maternite. Inatengenezwa kwa kufuata nani anaweza kuchanga. Avenyu yenye wafanyabiashara wawili inapata moto kabla ya giza. Avenyu ya nyuma, ya wakaaji wa kuhesabu mia tano mia tano, inangojea wiki nzima. Wakaaji wanakusanya pesa, wananunua kable wenyewe, wananunua poto ya mti, wanachangia hata transfo. Kisha kila mwisho wa mwezi wanapata fakture kama vile hakuna kilichotokea.

Ubaya mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Pane iliyotengenezwa kwa matabishi haiandikwi. Ajenti hawezi kuandika kwenye kitabu cha kazi kwamba alifunga kable iliyonunuliwa na wakaaji, akalipwa mkononi. Kwa hiyo kwenye karatasi, kartie hiyo haikuwa na pane. Karatasi zinapanda kwa direksioni ya jimbo, kisha Kinshasa, zikionyesha kwamba huko hali si mbaya sana. Vyombo vinapogawanywa, kartie isiyo na pane kwenye kitabu haipewi kitu. Mwezi unaofuata kable inawaka tena, ajenti hana fyuzi wala kable ya kampuni, anarudi kwa wakaaji: "Hakuna materiel, changeni." Na hasemi uongo. Kweli hakuna.

Hivyo watu wanaosema kwamba tatizo ni roho mbaya ya ajenti wanaona mwisho wa kamba tu. Mwanzo wake ni mshahara uliochelewa, na katikati yake ni kitabu cha kazi kinachodanganya.

Na ajenti mwaminifu? Yupo, tena si mmoja. Yeye anaandika kila pane, anakataa ya transport, anapeleka mteja kulipa gishe. Mwisho wa mwezi anarudi nyumbani mikono mitupu, na mwenzake amepandisha nyumba ya ubao mpaka madirisha. Wenzake wanamuona kama mtu anayewaharibia, kwa sababu kitabu chake kinaonyesha pane ambazo vitabu vyao havina. Shefu wake, ambaye pengine anapata sehemu yake, hamsifu. Baada ya miaka mitatu, mtu wa namna hiyo anachagua kati ya kuondoka, kunyamaza, na kufanana na wengine.

Vyombo na mwili wa mtu

Kazi ya umeme inaua. Februari 2, 2022, kable ya umeme wa nguvu kubwa ilianguka juu ya soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, ikaua watu 26, wengi wao wakiwa mama wauzaji. Hao walikuwa chini ya laini. Fundi yeye anapanda juu yake. Anapanda kwenye poto ambayo haijui umri wake, mara bila glavu zinazofaa, mara bila uhakika kwamba mwenzake wa kabine amekata kweli. Kwa upande wa maji, ajenti anashika klorini bila maski, ao anaingia kwenye shimo kufunga tiyo iliyopasuka huku maji ya choo yakipita kando.

Kumpa mtu glavu, bote na ngazi si zawadi. Ni njia ya kumwambia kwamba kampuni inajua yuko hai. Ajenti anayetumwa mikono mitupu anasikia ujumbe kinyume, hata kama hakuna aliyeutamka. Ndiyo maana katika mazungumzo ya wafanyakazi, vyombo vinatajwa mara moja baada ya mshahara, na wakati mwingine mbele yake. Fundi mwenye kuipenda kazi yake anaumia kuifanya vibaya. Akifunga kable kwa mkanda wa plastiki kwa sababu hakuna kingine, anajua itawaka. Akiona wakaaji wanapiga makofi, anajua wanashangilia siku nne tu.

Lakini usalama ambao Kahn alizungumzia si wa mwili peke yake. Ni pia ule wa kusema. Je, ajenti aliyeona laini imeshuka juu ya soko anaweza kuandika barua bila kuambiwa kwamba anatafuta makosa ya shefu? Anaweza kusema kwenye kikao kwamba mazuti iliyotoka depo si sawa na iliyofika kwenye pompu? Mahali ambapo kusema kunaleta kuhamishwa kwenda mbali na familia, watu wanajifunza kutoona. Na mtu aliyejifunza kutoona wizi wa mazuti hawezi kukumbuka ghafla kuona tiyo inayovuja.

Nani anapanda, nani anazeeka

Juu ya kupanda cheo, maneno yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu kila mtu anayajua. Wakubwa wa juu wa kampuni hizi wanateuliwa kutoka Kinshasa, na siasa inaingia na kutoka pamoja nao. Chini, kijana anayefika kwa barua ya mtu mkubwa anapita mbele ya yule aliyebeba ngazi miaka kumi. Wengine ni wafanyakazi wa siku, wanaovaa kofia ile ile, wanaochimba mtaro ule ule, bila mkataba wala matunzo ya hospitali. Kuwaomba wapende kampuni ni kuwaomba mapenzi ya upande mmoja.

Kuna kundi moja linalosahauliwa: wazee. Kampuni ikikosa pesa ya kulipa hesabu ya mwisho, inamuacha mzee kazini hata kama umri wake umepita. Anakuja, anasaini, anakaa kwenye kiti. Hafukuzwi kwa sababu kumfukuza ni kumlipa. Nafasi yake haipewi kijana, na ufundi wake haufundishwi kwa mtu, kwa sababu hakuna aliyewekwa kando yake ili ajifunze. Siku akifa, anaondoka na ramani ya tiyo kichwani. Kwa mji kama Bukavu, ambako nyumba zinapanda juu ya tiyo na udongo unateremka na kila mvua, ramani hiyo si kitu kidogo.

Siku za shida kubwa

Sasa kuna jambo ambalo linavuruga wazo kwamba ni pesa tu. Mei 22, 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava iliharibu vyombo vya maji kaskazini ya Goma, na watu wapata nusu milioni wakakosa maji safi. Januari 2025, vita vilipofika ndani ya Goma, umeme ulikatika, na kwa kuwa Goma inakunywa maji ya Ziwa Kivu yanayopandishwa na pompu, maji pia yalikatika. Watu walishuka ziwani kuchota kwa mikono yao. Mara zote mbili mafundi walitoka. Mara ya kwanza walifanya kazi karibu na mawe ambayo bado yalikuwa moto. Mara ya pili walirudi kwenye laini na pompu wakati mji haujatulia, na UNICEF ikaleta mazuti ili pompu zizunguke.

Hawakutoka kwa sababu mishahara ilikuwa imelipwa. Ni nini basi? Ukiangalia vizuri, siku hizo vitu vingi vinavyokosekana katika miezi ya kawaida vilikuwepo pamoja. Maana ya kazi ilionekana kwa macho, kwa sababu watoto walikuwa na bidoni mikononi, na kila mtu alijua kwamba kolera iko nyuma ya mlango. Vyombo vilifika, kwa sababu wasaidizi walileta mazuti na tiyo bila kungojea barua nane. Kazi ya kila mtu ilionekana na wote. Na wanainchi, badala ya matusi, walitoa maji ya kunywa na neno la asante.

Baada ya wiki chache, wasaidizi wanaondoka, karatasi zinarudi, matusi yanarudi. Moyo wa kazi unarudi chini, na hakuna anayeshangaa. Kosa ni kufikiri kwamba moyo ule wa siku za shida ulikuwa muujiza, wakati ulikuwa na sababu zinazoweza kuhesabika. Haufai hata hivyo kutumiwa kama kisingizio. Mkubwa anayesema "mliona, hata bila mshahara wanafanya kazi" anakula akiba ambayo hakuiweka yeye.

Jirani alifanya nini

Si lazima kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1998, shirika la maji la Uganda, NWSC, lilikuwa limelala. Karibu 60% ya maji yaliyosafishwa yalipotea ao hayakulipwa. Lilikuwa na wafanyakazi 36 kwa kila miunganisho elfu moja ya maji, hesabu kubwa sana. Direkta mpya, William Muhairwe, hakuanza na mashine. Mwaka 1999 alianza na mpango wa siku 100, uliopangwa pamoja na wafanyakazi wenyewe: kufunga mivujo, kurudisha wateja waliokatiwa, kupunguza matumizi ya bure, kuheshimu mteja. Baadaye, kuanzia mwaka 2000, kila mji ulipewa mkataba wake. Kundi la mji likifikia lengo, wote wanapata nyongeza, tangu shefu mpaka mchimba mtaro. Wakishindwa, shefu wa mji anajibu. Wakaguzi walifika bila kutoa taarifa kuona kama karatasi zinasema ukweli.

Wafanyakazi walipunguzwa sana, na hilo liliuma. Ila mambo yalizungumzwa na sindika, na waliotoka walilipwa haki yao, wakati ambapo kwetu mzee anaachwa kwenye kiti. Jambo la mwisho ni la maana kupita yote kwa sikio la Mkongomani: serikali ya Uganda nayo ilisaini mkataba, ikaahidi kulipa fakture za biro zake. Baada ya miaka kama kumi, wafanyakazi kwa miunganisho elfu moja walishuka chini ya kumi, maji yaliyopotea yalishuka chini ya 40%, na shirika lilikuwa linajilipia kazi zake za kila siku.

Uganda si Kongo, na Kampala haikuwa na vita kwenye mlango wake katika miaka hiyo. Pia nyongeza ya kundi ina hatari yake: ukilipa watu kwa kuangalia pesa zilizokusanywa tu, watakusanya kwa nguvu hata pale ambapo maji hayatoki. Kinachobaki ni kwamba watu wale wale walioitwa wavivu mwaka 1998, wengi wao, njo waliofanya kazi hiyo.

Kwetu mlango mwingine umefunguliwa. Sheria ya Juni 2014 iliruhusu kampuni za watu binafsi kuuza umeme. Jimboni Kivu ya Kaskazini, barrage ya Matebe, Rutshuru, yenye megawati 13, ilianza mwaka 2015, na Virunga inauza umeme mpaka Goma. Kwa mkaaji, hiyo ni nafasi ya kuchagua. Kwa fundi kijana wa kampuni ya serikali, ni dirisha la kuchungulia: anaona mtu wa umri wake, mwenye diploma sawa na yake, amevaa glavu mpya. SNEL isiposhughulika na moyo wa watu wake, itabaki na laini za zamani na wale ambao hakuna mwingine aliyewaita.

Mkaaji ana mkono gani katika mambo haya

Mkaaji hawezi kulipa mishahara inayodaiwa. Hata hivyo, kuna vitu viko ndani ya uwezo wa kartie.

La kwanza ni kuandikisha pane. Kabla ya kumpigia ajenti anayejulikana, mtu mmoja wa avenyu aende biro ya kampuni, aandikishe pane, apate namba ao saini, abaki na kopi. Hata kama baadaye wakaaji watalazimika kuchanga, pane hiyo itakuwa imeingia kwenye kitabu. Avenyu kumi zikifanya hivyo mwezi mmoja, direksioni ya jimbo haiwezi tena kusema kwamba huko hakuna shida. Ajenti mwaminifu naye anapata nguvu, kwa sababu kitabu chake hakiko tena peke yake.

La pili, wakaaji wakinunua kable ao transfo, waombe karatasi inayoandika kilichonunuliwa, bei yake na tarehe. Bila karatasi, kitu hicho hakijulikani ni cha nani, na kesho kinaweza kuhamia avenyu nyingine.

La tatu linagusa kinywa. Kumtukana ajenti wa chini juu ya delestaji iliyoamuliwa mbali naye hakumleti haraka. Kunamfundisha tu kupita njia nyingine. Hilo halimaanishi kufunika wizi. Ajenti anayekata waya ili aitwe kuufunga lazima ashitakiwe, na jina lake lifike kwa shefu wake kwa barua, si kwa kelele za barabarani. Na wakaaji wanaovuta moto kwa waya wa usiku wajue kwamba wanakula mshahara wa yule yule wanayemlaumu.

Kwa wakubwa wa kampuni na wa jimbo, wakaaji na sindika wanaweza kuomba pamoja kitu kimoja kisicho na gharama: karatasi moja, ikibandikwa kila mwezi kwenye mlango wa kila biro, yenye mistari minne. Mshahara wa mwezi gani ulilipwa, na tarehe gani. Pane ngapi ziliandikishwa. Ngapi zilitengenezwa. Na biro za serikali za mji huu zinadaiwa franka ngapi.